Kuuguza mzazi Shinyanga bila kupoteza ukazi wa ughaibuni

Desemba inapokaribia, kituo cha mabasi cha Shinyanga hupokea mizigo ya aina yake: masanduku makubwa ya magurudumu yenye vibandiko vya ndege kwenye mpini, yamezungushiwa kamba juu ya kufuli. Wenyewe hushuka wamechoka, husalimiwa "mwangaluka", hujibu kwa Kisukuma kilichoanza kuwaponyoka, na ndugu hucheka. Kwenye begi la mkononi, kando ya pasipoti ya Tanzania, kuna kadi ya plastiki ambayo nyumbani hakuna anayeiulizia. Ni kadi ya ukazi wa kudumu wa Marekani au Kanada, au hati ya namna hiyo ya Uingereza.

Wengi wamekata tiketi ya wiki 3 au mwezi 1. Wamekuja kuwaona wazazi, kumalizia paa la nyumba, kuhudhuria harusi. Kisha mama anaanguka bafuni, au baba anaamka upande mmoja wa mwili hausogei, au kaka aliyekuwa akisimamia kila kitu anafariki. Tiketi inasogezwa mbele mara ya kwanza, ikasogezwa tena, halafu hakuna anayeitaja.

Kukaa nyumbani si kosa. Tatizo ni kwamba huko alikotoka siku zake zinahesabiwa, na hesabu hiyo haisimami kwa sababu mgonjwa hajapona. Katika familia nyingi za Shinyanga na Geita, mshahara unaotoka kwenye nchi hiyo ndio unaonunua dawa za mgonjwa huyo huyo. Kadi ikipotea, dawa nazo zinaingia shakani.

MGENI SIKU MBILI

Shinyanga imezoea watu wanaokuja kwa kazi fulani na kubaki. John Williamson, mjiolojia mzaliwa wa Kanada, aligundua almasi Mwadui mwaka 1940 baada ya miaka ya kutafuta, akaishi hapo hapo hadi alipofariki mwaka 1958. Leo ukipita Maganzo, mji mdogo ulio karibu na mgodi huo kwenye barabara ya Mwanza, utasikia safari ya upande wa pili: kijana wa fulani yuko Kanada, binti wa fulani yuko Marekani, ni nesi, ni dereva wa lori, anasoma na kufanya kazi.

Anaporudi, huwa mgeni kwa muda mfupi tu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe la siku hizi ni daftari la dawa. Anakabidhiwa karatasi za hospitali, funguo za nyumba na simu ya baba, kwa kuwa yeye "anaelewa mambo" na ana fedha kidogo.

Kazi anayokabidhiwa ni kubwa. Mgonjwa wa kiharusi asiyeweza kujigeuza anahitaji kugeuzwa kitandani kila baada ya saa 2 hivi ili asipate vidonda vya mgandamizo. Analishwa taratibu akiwa ameinuliwa, asije akapaliwa na chakula kikaingia kwenye mapafu. Anafanyishwa mazoezi ya viungo kila siku, na miezi 3 hadi 6 ya mwanzo ndiyo yenye nafasi kubwa ya mkono na mguu kurudi. Kliniki inaweza kuwa Kolandoto, hospitali kongwe iliyoanzishwa na wamisionari, au hospitali ya rufaa ya mkoa. Ikishindikana, safari ni ya Bugando, Mwanza, umbali wa zaidi ya kilomita 150. Kwenda, kupima, kusubiri majibu na kurudi kunaweza kumaliza wiki nzima.

Katikati ya hayo, anayeuguza hunyamaza kuhusu siku zake. Atasema vipi mbele ya shangazi na wajomba kwamba amebakiza siku 40? Itasikika kama anamhesabia mama yake siku za kuishi. Wapo watakaosema Ulaya imemharibu. Basi anakaa kimya, anatabasamu, na usiku anafungua simu kutafuta majibu peke yake.

KWA NINI KADI, SI PASIPOTI

Swali la kwanza la majirani huwa rahisi: kwa nini mtu aliyeishi Marekani miaka 15 asichukue tu uraia wa huko, aachane na hesabu za siku? Raia hahesabiwi siku. Anaweza kukaa Shinyanga miaka 10 na kurudi bila kuulizwa alikuwa wapi.

Jibu liko kwenye Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995. Mtu mzima anayechukua kwa hiari uraia wa nchi nyingine anapoteza uraia wa Tanzania. Kwa watu wa ukanda huu hasara hiyo inaonekana kwa macho. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Leseni ndogo ya uchimbaji madini, ile inayoshikilia maisha ya maelfu ya wachimbaji wa Geita na Kahama, hutolewa kwa Mtanzania au kampuni ya Watanzania watupu.

Ndiyo maana wapo wanaokaa kwenye ukazi wa kudumu kwa miongo bila kuvuka kuingia kwenye uraia. Ukazi unawaruhusu kufanya kazi huko na kubaki Watanzania kamili huku, wenye haki ya kurithi shamba la baba na kuweka jina lao kwenye leseni. Ni njia nyembamba katikati. Ukielemea sana kule unapoteza uraia wako. Ukielemea sana huku unapoteza ukazi.

Mwaka 2025 sheria za uhamiaji na ardhi zilirekebishwa ili kuweka hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje. Hadhi hiyo inawafungulia baadhi ya milango, ukiwamo wa ardhi, lakini si uraia. Anayefikiria kuhama kutoka kwenye ukazi kwenda kwenye uraia wa nchi nyingine kwa kutegemea hadhi hiyo anapaswa kwanza kuuliza Idara ya Uhamiaji ni haki zipi hasa atabaki nazo, kwa kuwa uraia ukishaondoka haurudi kwa kujaza fomu moja.

TINDE HADI KAHAMA: HESABU YA SIKU

Kutoka Shinyanga mjini kwenda kwenye ukanda wa dhahabu, gari hupita Tinde, kisha Isaka. Isaka kuna stesheni ya reli na bandari kavu, na malori ya mizigo ya Rwanda na Burundi hupanga foleni. Dereva wa lori hapo anajua jambo ambalo msafiri wa ukazi wa kudumu hujifunza kwa uchungu: mzigo unaweza kuwa halali na gari likawa zima, lakini karatasi isipokamilika hakuna anayevuka.

Kila nchi ina hesabu yake, na kosa la kawaida ni kuchukua hesabu ya nchi moja ukaitumia kwa nyingine.

Marekani ndiyo yenye mitego mingi. Mkazi wa kudumu mwenye kadi ambayo wengi huiita grinikadi akikaa nje zaidi ya siku 180 mfululizo, ofisa wa uwanja wa ndege anaweza kumchukulia kama mtu anayeomba kuingia upya na kumhoji kwa kina. Akikaa mwaka 1 au zaidi bila kibali alichokiomba mapema, kadi yake haitoshi tena kumwingiza, hata kama tarehe iliyoandikwa juu yake iko miaka 7 mbele. Tarehe ile inahusu kadi. Ukazi wenyewe unapimwa kwa maisha: nyumba yako iko wapi, kazi yako iko wapi, kodi unalipa wapi, familia yako inaishi wapi, na safari yako ilikuwa na mwisho au haikuwa nao.

Kwa sababu hiyo, ule ushauri unaozunguka mitaani kwamba "ingia wiki 2 kila mwaka, inatosha" ni wa hatari. Mtu anayeishi Kahama miezi 11 na kutembelea Marekani wiki 2 anaweza kuambiwa kwamba makazi yake ni Kahama.

Anayejua mapema kuwa atakaa muda mrefu anaweza kuomba kibali cha kuingia tena kwa fomu I-131. Kibali hudumu hadi miaka 2. Sharti lake ndilo linalowanasa wengi: mwombaji lazima awe Marekani wakati anaomba, na hutakiwa kufika kuchukuliwa alama za vidole. Aliyekwisha kufika Kolandoto hawezi kukiomba kutoka Kolandoto.

Aliyepitisha mwaka bila kibali amebaki na mlango mmoja mwembamba, viza ya mkazi anayerejea, inayoitwa SB-1, ambayo huombwa ubalozini. Anatakiwa kuthibitisha mambo matatu: alikuwa mkazi halali alipoondoka, aliondoka akikusudia kurudi na hakuacha kusudio hilo, na kilichomchelewesha kilikuwa nje ya uwezo wake. Maneno matupu hayatoshi. Huombwa karatasi.

Kanada inahesabu tofauti. Mkazi wa kudumu anatakiwa awe amekaa nchini humo angalau siku 730 ndani ya kila kipindi cha miaka 5, na si lazima ziwe za mfululizo. Kwa hesabu hiyo mtu anaweza kuuguza nyumbani mwaka mzima na bado akawa salama, ilimradi siku zake nyingine zinatosha. Akipungukiwa, ukazi haufi wenyewe. Hufutwa kwa uamuzi rasmi, na kabla ya hapo sababu za kibinadamu, kama kumuuguza mzazi, zinaweza kupimwa. Kadi ikimwishia muda akiwa Tanzania, ataomba hati ya safari ya mkazi kabla ya kupanda ndege.

Uingereza, mwenye ruhusa ya kuishi bila kikomo huipoteza akikaa nje zaidi ya miaka 2 mfululizo. Akitaka kurudi baada ya hapo, huomba viza ya mkazi anayerejea na kuonyesha kwamba bado ana mizizi imara huko.

GEITA: DUARA HALINA KALENDA

Kahama, mji wa mchele, ndipo msafiri anapoanza kusikia habari za dhahabu kila kona. Mgodi wa Buzwagi ulio jirani umekwisha kufungwa, lakini Bulyanhulu, kule Kakola, uliofunguliwa mwaka 2001, bado unachimba chini ya ardhi. Mbele zaidi, kwa njia ya Kakola au ya Ushirombo na Katoro, ni Geita yenyewe, mkoa tangu mwaka 2012, ambako mgodi mkubwa wa GGM umekuwa ukizalisha tangu mwaka 2000. Anayetokea Mwanza sasa anavuka Kigongo hadi Busisi juu ya daraja la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025, badala ya kusubiri kivuko. Kwa mgonjwa wa Geita anayepelekwa Bugando, daraja hilo limeondoa foleni ya kivuko ambayo hapo zamani ilikuwa sehemu ya ugonjwa.

Hapa ndipo safari ya kuuguza hugeuka kuwa safari nyingine. Mama anapata nafuu, na mtoto aliyekuja kwa ajili yake ana akiba ya dola. Binamu ana duara Nyarugusu au Mgusu, linahitaji mtu wa kulisha vijana, kununua magogo ya kuzuia kuta zisiporomoke na kukodi karasha. Mgao unajulikana: mwenye leseni ana sehemu yake, mwenye duara ana yake, wachimbaji wana yao. Soko la madini liko Geita mjini, lilikuwa la kwanza nchini lilipofunguliwa Machi 2019, na bei inatangazwa wazi. Mambo yanaonekana kueleweka.

Ila duara halina kalenda. Linaweza kuchimbwa miezi 4 bila kufika kwenye jiwe lenye dhahabu, na aliyetia fedha hapendi kuondoka siku moja kabla ya mzigo kutoka. Kila wiki ni "wiki ijayo". Ukazi wa watu umeishia hapo bila hata mtu kuuguliwa.

Kuna madhara ya pili ambayo huonekana baadaye. Ofisa atakapouliza kwa nini msafiri alichelewa, ugonjwa wa mzazi ni sababu anayoweza kuielewa. Biashara mpya, nyumba mpya na wafanyakazi 8 kwenye duara vinaeleza jambo jingine: kwamba mtu huyu amehamia. Kuwa na mali nyumbani si kosa na wengi wanazo. Kinachoumiza ni kuigeuza safari ya kuuguza kuwa ya biashara na kuendelea kuieleza kama ya kuuguza.

MIEZI 6 YA DAWA

Ukanda wa dhahabu una ugonjwa unaokutana na hesabu ya siku karibu tarehe kwa tarehe. Kusaga mawe kwenye karasha hutoa vumbi laini la silika linaloharibu mapafu polepole, na mapafu yaliyoharibika hivyo hushikwa kirahisi na kifua kikuu. Mashimo yenye hewa finyu na vibanda vya kulala watu wengi hufanya mengine.

Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi 6, na dawa hutolewa bure kwenye vituo vya serikali. Chukua mfano wa mtu aliyewasili Juni 1, akashinda kwenye maduara ya binamu, akaanza kukohoa, akagundulika katikati ya Agosti. Dozi yake itakwisha katikati ya Februari. Kufikia hapo amekwisha kukaa miezi 8 na nusu, amevuka siku 180 za Marekani, ingawa bado yuko ndani ya mwaka 1. Akipanda ndege mapema akiwa bado anaambukiza, anahatarisha abiria wenzake, na miongozo ya afya inakataza. Akiacha dawa ili awahi kadi, anajitengenezea kifua kikuu sugu.

Kuna njia ya katikati ambayo wengi hawaijui. Mgonjwa asiye na usugu wa dawa, akishatibiwa vizuri na daktari akathibitisha kwamba haambukizi tena, anaweza kusafiri na barua ya uhamisho, nakala ya kadi ya matibabu na dawa za kutosha njiani, akamalizia dozi huko anakokwenda. Jambo hilo lipangwe na kliniki wiki kadhaa kabla, lisisubiri siku ya safari.

Kwa wanawake waliokuja wakiwa wajawazito, zebaki inayochomwa kutenganisha dhahabu ni hatari ya pekee, kwa kuwa mvuke wake hupita kwa mama ukamfikia mtoto tumboni. Mjamzito hafai kukaa karibu na mahali inapochomwa, hata kama ni jikoni kwa wifi yake. Na akijifungulia nyumbani, ajue hili: sheria ya Marekani inamruhusu mtoto aliyezaliwa wakati mama mkazi wa kudumu yuko kwenye safari ya muda kuingia bila viza, akiwa hajafikisha miaka 2, mradi aingie na mzazi katika safari ya kwanza ya mzazi huyo kurejea. Cheti cha kuzaliwa kutoka RITA kishughulikiwe mapema.

KARATASI ZA WODINI

Mali bila daftari hupotea bila habari, na ukazi ni mali. Karatasi ambazo familia nyingi hutupa mgonjwa akitoka wodini ndizo zinazoweza kumwokoa aliyemuuguza.

Barua ya daktari yenye maneno "mgonjwa anaumwa" haisaidii sana. Inayosaidia hutaja jina la mgonjwa, ugonjwa, tarehe ya kulazwa na kuruhusiwa, huduma anayohitaji nyumbani na kwa muda gani, jina la ndugu anayemhudumia, sahihi na mhuri. Ziambatane na barua ya rufaa, kadi ya kliniki yenye tarehe, risiti za dawa na hata tiketi za basi la Mwanza. Zilizoandikwa kwa Kiswahili zitafsiriwe kwa Kiingereza na mtu anayeweza kuthibitisha tafsiri yake. Picha za karatasi zote zitumwe kwa ndugu mwingine, kwani simu huibwa.

Karatasi hizo hueleza kuchelewa hadi tarehe iliyoandikwa, hazielezi zaidi. Mgonjwa akipona Machi, au akifariki Machi, anayemuuguza anatarajiwa kuondoka ndani ya muda unaoeleweka. Mazishi na kuondoa tanga vinaeleweka. Mirathi inaeleweka pia, lakini ina miezi yake: msimamizi aliyeteuliwa na mahakama ya mwanzo hutakiwa kurudisha orodha ya mali na hesabu ndani ya miezi 4. Mwenye tiketi mfukoni afikirie mara mbili kabla ya kukubali usimamizi, hasa ikiwa yupo ndugu mwaminifu anayeishi Kahama au Shinyanga.

Na akifika uwanja wa ndege wa Marekani akaonyeshwa fomu I-407, ajue kwamba hiyo ni fomu ya kuuacha ukazi kwa hiari. Halazimiki kuisaini. Anayekataa ana haki ya kusikilizwa mbele ya hakimu wa uhamiaji. Watu wamesaini kwa uchovu wa safari na hofu, wakagundua walichosaini wakiwa wamekwisha kurudishwa.

ARDHI NAYO INAHESABU

Si nchi za nje tu zinazouliza ulikuwa wapi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi inayoshikiliwa kwa hakimiliki ya kimila inaweza kuchukuliwa kuwa imetelekezwa ikiwa mwenyewe hakuitumia kwa miaka 5 au zaidi, au kama ameondoka nchini bila kuweka mtu wa kuisimamia. Mtoto aliyeko Marekani miaka 9, ambaye shamba lake la urithi Kishapu halilimwi na halina msimamizi anayetambuliwa na halmashauri ya kijiji, yuko kwenye hatari ile ile kwa upande wa pili.

Wasukuma wana jambo linaloeleza hali hii vizuri kuliko fomu yoyote. Ni ngitili, eneo la malisho linalofungwa wakati wa masika ili majani yabaki kwa ajili ya kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliurudisha utaratibu huo katika vijiji vingi vilivyokuwa vimegeuka jangwa. Mtu akipita kwenye ngitili haoni ng'ombe wala mchungaji, lakini haingizi mifugo yake. Anajua ni ya nani, imefungwa kwa sababu gani, na itafunguliwa lini. Mwenyewe alisema, na majirani walisikia.

Kutokuwepo kwa mkazi wa kudumu kunahitaji mambo hayo hayo matatu: mwenyewe anajulikana, sababu inajulikana, mwisho unajulikana. Kodi inayoendelea kulipwa huko, akaunti ya benki inayotumika, nyumba au chumba kilichobaki na jina lake, barua ya likizo kutoka kwa mwajiri na tiketi ya kurudi ndivyo vinavyosema kwamba nyumba hii ina mwenyewe.

KIKAO CHA KWANZA

Jambo linaloweza kusaidia zaidi halihitaji wakili, ingawa wakili wa uhamiaji wa nchi husika ni muhimu pale siku zinapokuwa zimekwisha kupita. Ni kikao cha familia, kifanyike wiki ya kwanza, kabla uchovu na lawama havijaingia.

Katika kikao hicho, aliyetoka nje ataje tarehe yake ya mwisho waziwazi, mbele ya wazee. Aeleze kwamba mshahara wake ndio unaolipa dawa, na kwamba akipitiliza atapoteza kazi hiyo na huenda asiweze kurudi. Wazee wa Shinyanga wameishi na ukame, wanaelewa maana ya akiba inayolindwa. Mara nyingi kinachowaudhi ni kuambiwa usiku wa kuondoka.

Kisha zamu zigawanywe. Dada wa Dar es Salaam achukue mwezi wa pili, kaka wa Katoro achukue wa tatu, kijana wa kulipwa afundishwe kumgeuza mgonjwa na kumfanyisha mazoezi wakati yule wa nje bado yupo wa kumwonyesha. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii aombwe kupita mara kwa mara. Anayeishi mbali abaki na kazi anayoiweza kwa simu: kulipia vipimo, kukumbusha kliniki, kuzungumza na daktari. Mpango huo humfaa hata mgonjwa, kwa sababu uuguzi wa mtu mmoja aliyechoka huishia kwenye vidonda vya mgongo na dozi zilizosahaulika.

Anayepanga kuja mwakani kwa muda mrefu ana nafasi nzuri zaidi. Aombe kibali kabla ya kupanda ndege ikiwa yuko Marekani, ahesabu siku zake 730 ikiwa yuko Kanada, achunge miaka 2 ikiwa yuko Uingereza. Aandike tarehe za kila safari yake kwenye daftari moja, kwa kuwa miaka 5 baadaye hakuna anayezikumbuka. Na aulize habari mpya kwenye mamlaka zenyewe, kwani masharti ya uhamiaji hubadilika kwa haraka kuliko maneno ya mitaani.

Nyumbani inatosha kalenda ya ukutani, zile ambazo maduka hugawa mwisho wa mwaka. Itundikwe chumbani kwa mgonjwa, iwekwe alama siku ya kliniki, siku ya kubadilishana zamu na siku ya ndege. Mgonjwa mwenyewe aelezwe kila alama ina maana gani. Mama anayejua kwamba mwanawe ataondoka tarehe 14, na kwamba binti yake atafika tarehe 12, atalala vizuri kuliko yule anayeamka kila asubuhi akitazama kama sanduku bado lipo mlangoni.